Ndege Iliyoishia Tabora: Mwaka 1920 Katika Kumbukumbu ya Kanisa Letu



Sehemu kubwa ya kitabu hiki cha Jubilei inahusu mambo ambayo kila mmoja wetu huyatazamia katika kitabu cha namna hii: msingi wa jengo la kwanza la ibada, wachungaji waliotumika, kwaya, shule, umoja wa wanawake na vijana. Kamati imeniruhusu kuandika juu ya jambo la pembeni kidogo, nalo ni ajali ya ndege iliyotokea Tabora siku ya Ijumaa, tarehe 27 Februari 1920, katika juma la kwanza la Kwaresima. Ndege hiyo haikuwa ya misheni, wala haikubeba mtumishi wa Neno. Ilibeba marubani wawili, mafundi wawili na mwandishi mmoja aliyekuwa akilipeleka gazeti lake habari kutoka kila kituo. Hata hivyo, mwaka ule ule ambao mashine ile iliharibika katikati ya nchi yetu, Kanisa la Kilutheri lilipokonywa karibu wamisionari wake wote. Kwa miaka mingi nimeyafikiria mambo hayo mawili kwa pamoja, na nimeona yanasaidiana kueleweka.

Ipo sababu nyingine. Miongoni mwa wageni tunaowapokea katika Jubilei hii wamo ndugu zetu wa Mpanda, Inyonga na pande nyingine za Katavi. Mtu akichukua rula na kupiga mstari kwenye ramani kutoka Tabora hadi Abercorn, mji ambao siku hizi unaitwa Mbala na uko ng'ambo ya mpaka wa Zambia, mstari huo utapita karibu kabisa na Inyonga, utaiacha Mpanda upande wa magharibi, kisha utashuka kwenye bonde la Rukwa. Huo ndio mwelekeo ambao ndege ile ilikuwa imebakiza. Anga la Katavi lingekuwa hatua yake iliyofuata.

Viwanja kabla ya ndege

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mnamo Novemba 1918, Waingereza walikuwa na ndege nyingi zisizo na kazi na marubani wengi wasio na vita. Walikuwa pia na ndoto ya zamani ya kuunganisha Kairo na Rasi ya Tumaini Jema. Reli haikukamilika, basi wakafikiri njia ya anga ingetangulia. Serikali yao ikatuma vikundi vya wapimaji, kila kimoja na sehemu yake ya bara, kutafuta mahali pa kutua. Njia waliyoichora ilifuata mto Naili, ikapita Jinja na Kisumu, ikaambaa na Ziwa Viktoria upande wa Shirati na Mwanza, ikafika Tabora, kisha Abercorn, Ndola, Broken Hill, Livingstone na Bulawayo, mpaka kusini kabisa.

Ndege za wakati ule zilihitaji uwanja mrefu, mkavu na ulio sawa. Katika nchi za miombo tunajua maana ya maneno hayo. Adui wa kwanza hakuwa mti, kwa kuwa mti hukatwa ukaondoka. Adui alikuwa kichuguu. Mtu aliyewahi kubomoa kichuguu kimoja ili apate udongo wa kufyatulia tofali anajua kwamba jembe huruka kama linapiga jiwe, na kwamba kinachoonekana juu ni kidogo kuliko kilichofichwa chini. Huko Ndola mamia ya watu walifanya kazi kwa miezi kadhaa ya mwaka 1919 wakibomoa vichuguu na kubeba maelfu ya tani za udongo ili upatikane uwanja mmoja tu. Viwanja vya namna hiyo vilihitajika njia nzima.

Tuwatazame hao watu wa majembe. Wengi wa rika lao walikuwa wametoka kubeba mizigo ya majeshi. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi walioandikwa kuwa walikufa upande wao katika vita vya Afrika Mashariki walizidi 40,000, na waliokufa bila kuandikwa hawamo katika hesabu hiyo. Baada ya vita ukaja ugonjwa wa mafua wa mwaka 1918, uliopita vijijini ukizima mioto ya majiko. Ugogoni kulikuwa na njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 na kuendelea hadi 1920. Watu waliodhoofishwa hivyo ndio waliopewa majembe na mapanga ili watengeneze mahali ambapo chombo ambacho walikuwa hawajakiona kingeshuka kutoka mbinguni.

Majina yao hayamo magazetini. Ya watu watano waliokuwa ndani ya ndege yamo yote.

Ndege yenyewe

Iliitwa Vickers Vimy Commercial. Ilitokana na ndege ya vita ya aina ya Vimy, ile ile ambayo Alcock na Brown waliivukia bahari ya Atlantiki mnamo Juni 1919 bila kutua. Hii ya biashara ilijengewa kiwiliwili kinene cha mviringo chenye nafasi ya abiria kumi. Mabawa yake yalikuwa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yakishikwa na nguzo na nyaya. Ikiwa na mzigo wake wote uzito wake ulikuwa chini kidogo ya tani 6. Kwa mizani inayotumika leo duniani ingeingia bado katika kundi la ndege ndogo. Injini zake mbili zilikuwa za Rolls-Royce aina ya Eagle, kila moja na mitungi 12 na nguvu ya farasi 360, nazo zilipozwa kwa maji.

Wasomaji wanisamehe nikikaa kidogo kwenye maji hayo, kwa sababu ndiyo yaliyoisumbua safari nzima. Injini ya petroli huchoma mafuta ndani ya mitungi, na moto huo usipopunguzwa chuma hukwama. Gari la mchungaji likipanda mlima na rejeta ikiwa inavuja, kila mtu anajua kinachofuata: mvuke, harufu, na abiria wote kushuka. Juu angani hakuna pa kushukia. Katika injini ya Eagle kila mtungi ulivikwa koti la bati jembamba, na maji yalizunguka kati ya koti na mtungi. Mtikisiko wa saa nyingi ulitosha kuufungua mshono mdogo wa bati, na mshono ukifunguka maji hutoka tone kwa tone.

Safari ilidhaminiwa na gazeti la The Times la London. Marubani walikuwa Kapteni Stanley Cockerell na Kapteni Frank Broome, pamoja na fundi wa injini na fundi wa mwili wa ndege. Mwandishi alikuwa Dakta Peter Chalmers Mitchell, mwenye umri wa miaka 55, katibu wa Chama cha Zuolojia cha London, yaani msimamizi wa bustani maarufu ya wanyama ya mji huo. Mtaalamu huyo wa wanyama alibakiza siku moja tu, mashine ingekubali, kupita karibu na nchi ya viboko na nyati ambayo leo tunaiita Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Siku ile hakuiona.

Waliondoka Brooklands, kusini mwa London, Jumamosi tarehe 24 Januari 1920. Hadi Kairo mambo yalikwenda. Walipoingia Sudani, maji ya injini yakaanza kuvuja, na mara kwa mara walilazimika kushuka mahali ambapo hawakupanga, mafundi wakaziba, wakaruka tena. Uvumilivu wa mafundi wale wawili ni wa kusifiwa. Walifanya kazi juani, nyikani, wakiwa na vifaa walivyobeba wenyewe, wala hapakuwa na karakana karibu. Walipita Naili ya juu, wakafika Uganda, wakashuka kando ya Ziwa Viktoria, hatimaye wakafika Tabora.

Asubuhi ya kuondoka

Tabora ya mwaka 1920 haikuwa kijiji cha porini. Ulikuwa mji wa misafara tangu zamani za biashara ya pembe na watumwa, reli ya kati ilikuwa imeufikia mwaka 1912, na mnamo Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka kutoka kwa Wajerumani. Wamisionari wa Kiingereza waliokuwa wamefungwa huko na Wajerumani walifunguliwa wakati huo. Wamoraviani walikuwa na kazi katika Unyamwezi, na Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe, walikuwa na kanisa lao. Kwa wageni wa anga palikuwa mahali pema kuliko vituo vingi walivyopita, kwa kuwa garimoshi lingeweza kuwaletea hata mafuta.

Lakini Tabora iko juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na Februari ni mwezi wa mvua na joto. Hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Bawa hupata kitu kidogo cha kuegemea, na injini hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Kwa hiyo ndege inayoruka vizuri Kairo huhitaji mbio ndefu zaidi ikiwa Tabora, na nguvu ya injini zote mbili bila upungufu. Ndege za namna ile zikiwa zimejaa mzigo hazikuweza kupanda kwa injini moja.

Tarehe 27 Februari Vimy ilianza mbio zake kuelekea kusini. Injini ikashindwa. Ndege ikaanguka, ikaharibika kiasi cha kutoweza kutengenezwa tena, na safari ya The Times ikaishia hapo. Watu wote watano walitoka wakiwa hai. Safari ilikuwa imedumu karibu majuma matano.

Katika lugha ya wataalamu hiyo ni ajali ya kuondoka na si ya kutua. Lakini kila rubani atakuambia kwamba injini ikishazimika mambo hayo mawili huwa kitu kimoja: ndege inarudi ardhini, itake isitake, na swali linabaki ni ardhi ya namna gani iliyoko chini yake. Ndipo tunaporudi kwa wale watu wa majembe.

Ninaposoma habari hii hukumbuka sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, ambamo jahazi lililomchukua Paulo lilivunjika karibu na kisiwa cha Malta, na watu wote 276 wakafika pwani salama. Luka ametuandikia jina la akida, Yulio, na katika sura inayofuata jina la mkuu wa kisiwa, Publio. Wenyeji waliokoka moto kwa sababu ya mvua na baridi hakuwaandika majina. Bila moto huo, mabaharia wale wangepona maji wakafa kwa baridi.

Wengine waliojaribu

Chalmers Mitchell na wenzake hawakuwa peke yao angani mwaka ule. Tarehe 4 Februari 1920 maofisa wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka Brooklands kwa Vimy nyingine waliyoiita Silver Queen. Yao ilivunjika Korosko, kusini mwa Misri, rejeta ilipovuja. Wakaokoa injini, wakapewa Vimy ya pili, wakaendelea mpaka Bulawayo, ambako nayo ilianguka tarehe 6 Machi ilipokuwa ikiondoka. Wakaletewa ndege ya tatu, ndogo, aina ya DH9, nayo ndiyo iliyowafikisha Cape Town tarehe 20 Machi. Ndege nyingine, Handley Page kubwa, iliishia Sudani. Mshindi wa mashindano, basi, alitumia ndege tatu. Wawili hao walipewa pauni 5,000 kila mmoja na wakatunukiwa cheo cha Sir. Sina kinyongo na heshima yao, kwa kuwa walikuwa majasiri. Nasema tu kwamba njia iliyotangazwa kuwa tayari haikuwa tayari, kwa sababu mashine hazikuwa tayari, na kilichokuwa tayari kilikuwa ni viwanja.

Kanisa lisilo na wamisionari

Sasa tugeuke kutazama upande wetu. Mkataba wa Versailles ulianza kutumika Januari 1920, na mwaka huo huo jina la Tanganyika likaanza kutumika rasmi kwa nchi hii. Mali za misheni za Kijerumani zililindwa na kifungu cha 438 cha mkataba huo, kilichotaka zikabidhiwe kwa wadhamini wa imani ile ile ya Kikristo. Majengo yalilindwa hivyo, lakini watu hawakulindwa. Wamisionari wa Kijerumani walipaswa kuondoka. Katika eneo la Berlin kusini wengi walikwisha kukamatwa wakati wa vita. Kaskazini, wamisionari wa Leipzig waliokuwa Kilimanjaro tangu 1893 waliruhusiwa kubaki muda, na mwaka 1920 nao wakaondolewa, akiwemo Bruno Gutmann aliyekuwa amekaa miongoni mwa Wachaga tangu 1902. Walioachwa walikuwa wachache wenye asili ya nchi za Baltiki, kama Leonhard Blumer wa Estonia, kwa sababu hawakuhesabiwa kuwa Wajerumani.

Wamisionari wa Augustana kutoka Marekani walianza kufika mwaka 1922. Wale wa Leipzig walianza kurudi mwaka 1925. Katikati hapo, na katika sehemu nyingine kwa muda mrefu zaidi tangu vita, kazi ilifanywa na walimu na wainjilisti Waafrika. Huko Buhaya, Andrea Kajerero na wenzake waliwaongoza Wakristo wa Kilutheri baada ya wamisionari wa Betheli kuondolewa, na waliyashika yale waliyofundishwa hata walipotakiwa na madhehebu mengine. Pengine ubatizo ulingoja, Meza ya Bwana ilingoja, kwa sababu hapakuwa na mchungaji aliyebarikiwa. Mafundisho hayakungoja. Mwalimu alifundisha asubuhi, akalima mchana, akazuru wagonjwa jioni, na mara nyingi hakulipwa, kwa kuwa sanduku lililotoa mishahara lilikuwa Ulaya.

Mtu angaliutazama utaratibu ule kama fundi atazamavyo mashine, angalisema injini imezimika: wamisionari ndio waliokuwa na vyeo, fedha, barua za kwenda nje na funguo za ghala. Zilipozimika zote kwa mwaka mmoja, wengi waliokuwa serikalini walidhani Ukristo huu mchanga utaanguka chini vipande vipande. Waliporudi, wamisionari walikuta sharika zinaendelea, na mahali pengi watu wameongezeka. Gutmann na wenzake walirudi kwenye Kanisa lililozoea kujiendesha, na si wote miongoni mwa waliorudi waliofurahi kuliona hivyo. Mivutano ya miaka ya 1920 na 1930 kati ya wazee wa sharika na wamisionari ilikuwa na sababu nyingi. Naamini moja kubwa ni hii, kwamba waliotembea peke yao miaka ile hawakuwa tayari kubebwa tena kama mizigo.

Wazee wa Kanisa wa leo mara nyingine husimulia miaka ile kama pengo, muda wa kusubiri kati ya mmisionari na mmisionari. Hata baadhi ya maandishi yetu ya zamani yana mistari mingi juu ya nani aliwasili na meli gani, na mstari mmoja juu ya walimu wenyeji. Mimi siungi mkono usimulizi huo. Kumbukumbu ya mwaka 1920 iwe ya mwaka ambao Kanisa hili lilijifunza kutembea.

Magharibi ilivyobaki nyuma ya njia

Ajali ya Tabora na zile nyingine ziliwapoza watu wa ndege kwa miaka kadhaa. Shirika la Imperial Airways lilipofungua safari za kawaida, lilifika Mwanza mwaka 1931, na lilipoanza kwenda Cape Town Januari 1932 halikufuata tena mstari wa Tabora na Abercorn. Njia ilihamishiwa mashariki: Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika. Miji iliyopitiwa ilipata barua za haraka, mafuta na mafundi. Nchi kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika ikaachwa na anga, na mtu wa Inyonga aliyehitaji daktari aliendelea kubebwa kwa machela.

Mpanda ilipata reli kwa ajili ya madini ya risasi. Tawi la reli lenye urefu wa kilomita zipatazo 210 lilijengwa kutoka Kaliua baada ya Vita ya Pili, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 reli ilibaki na ikawa ndiyo mlango wa wilaya. Kwa mlango huo pia Walutheri waliingia Mpanda kwa kazi kubwa ambayo haitajwi inavyostahili. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Kilutheri la Dunia, lilishirikiana na Serikali na Umoja wa Mataifa kuwapokea wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Makazi ya Katumba yalianza miaka hiyo, na ya Mishamo mwaka 1978, katika misitu ambayo ilibidi ifyekwe kabla ya kulimwa. Visima, barabara, shule na zahanati vikajengwa. Wengi wa watu hao na watoto wao walikuwa miongoni mwa wale zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania, ambao vyeti vyao vilianza kutolewa Oktoba 2014.

Ndege ndogo zilirudi katika anga hilo kidogo kidogo: za serikali, za madaktari, za misheni, na baadaye za watalii waendao Katavi. Rubani wa Cessna ya injini moja anayeshuka kwenye uwanja wa udongo wakati wa masika anafahamu mambo yale yale aliyoyajua Cockerell. Kwanza hupita chini juu ya uwanja ili awafukuze wanyama na kutazama kama kuna maji yaliyotuama. Huyasikiliza magurudumu yanapogusa. Tairi likipasuka au breki ya upande mmoja ikishika kuliko ya pili, ndege huvutwa pembeni, na kama pembeni kuna kisiki au kichuguu kilichoanza kuota tena, tatizo dogo la mashine huwa ajali. Ndiyo maana uwanja wa porini hauwezi kufyekwa mara moja ukasahauliwa. Mchwa hawapumziki. Mji wa Mpanda, ambao tangu 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, una uwanja wa lami, lakini viwanja vya udongo mkoani humo bado vinategemea watu wa panga na jembe.

Tumeyaona hayo hata katika miaka yetu. Tarehe 28 Novemba 2023, katika uwanja wa Kikoboga ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ndege iliyotoka Zanzibar ilipata hitilafu ya magurudumu ilipotua, na ndege nyingine iliyokwenda kuwachukua abiria nayo ikapata ajali siku hiyo hiyo ilipokuwa ikiondoka. Hakuna aliyekufa. Bukoba, Jumapili asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, haikuwa hivyo: ndege yenye watu 43 iliingia ziwani katika hali mbaya ya hewa, na 19 wakafariki. Waliowafikia kwanza walionusurika walikuwa wavuvi wenye mitumbwi na makasia.

Wageni wetu wa Katavi watakaokuja kwa garimoshi watapita Kaliua na Tabora, kisha watafuata reli ya kati. Katika safari hiyo watavuka nchi ambayo Dakta Chalmers Mitchell na wenzake waliikusudia na hawakuifikia.

Kamati imeweka mwishoni mwa kitabu hiki orodha ya walimu na wainjilisti waliotumika katika eneo letu kabla ya kupatikana mchungaji wa kwanza mwenyeji. Wengine wana majina mawili na jina la kijiji, wengine jina moja la ubatizo tu, na wengine wameandikwa kwa jina la mtoto wao, baba wa fulani. Chini ya orodha zimeachwa nafasi tupu kwa makusudi. Mwenye jina la mzee wake, au habari za mahali alipofundisha, na alilete kwa katibu wa usharika, hata kama amelisikia kwa bibi yake tu na hana karatasi yoyote.